Nyar Malawi Hajala Siku Nne

Kabla hamjaendelea kuusambaza ule ujumbe wa sauti wa rafiki yangu wa boda, wacheni niseme mwenyewe. Sikumpeleka samaki hospitali. Nilienda kemisti. Samaki alibaki nyumbani ndani ya karai, na kilichofunika karai kilikuwa taulo, si blanketi la mtoto kama anavyodai. Haya.

Mnalijua tangi langu. Lita 200, limekaa sebuleni pale ambapo watu wenye akili zao huweka televisheni. Ndani mna mbuna, samaki wa mawe wa Ziwa Malawi, aina ya kenyi. Ni jina tu, hawajawahi kuwa Wakenya. Dume ni wa manjano, majike ni wa buluu wenye milia, na dume mmoja lazima apewe majike wengi, la sivyo atamsumbua huyo mmoja mpaka amuue. Nilikuwa na dume na majike tisa. Yule jike mkubwa, mke wangu alimwita Nyar Malawi, vile huku kwetu tunavyowaita wake za watu kwa kule walikotoka: Nyar Alego, Nyar Ugenya. Hilo jina liwekeni akilini, ndilo lililonimaliza.

Siku kumi kabla ya balaa, dume alikufa. Nilimuua kwa omena, hawa dagaa wetu wa ziwani. Mbuna hukwaruza mwani kwenye mawe, na utumbo wao ni mrefu, umeumbiwa majani. Mimi nikaona Kisumu nzima inakula omena, hawa wamekosea nini? Nikasaga, nikawapa asubuhi na jioni. Dume akaanza kutema chakula. Kisha akajitenga kona ya juu akihema, akitoa choo cheupe kama uzi. Tumbo lilipofura nilikuwa nimeshachelewa. Ugonjwa huu ukingoja mpaka uone tumbo, mara nyingi unangoja matanga. Wa kumtazama ni yule anayekataa kula.

Kwa hiyo Nyar Malawi alipokataa kula, siku moja, mbili, nne, amejibanza nyuma ya jiwe, sikungoja. Nilimhamishia kwenye karai la lita 20, nikatia kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom (si hii ya sukuma, jamani), nikapanda boda mpaka kemisti moja Kondele kutafuta Flagyl. Msishangae. Ni ile ile mnayopewa mkipatikana na amiba, na huwaua pia vijidudu vinavyoshambulia matumbo ya hawa samaki.

Saa kumi na moja jioni. Foleni ya watu saba. Rafiki yangu wa boda aliingia nami, eti naye ananunua Panadol. Nyuma yetu, na hapa naapa sikumwona, alisimama mama mdogo wa mke wangu, kutoka Ahero, amekuja kuchukua dawa za presha. Kwa wasiojua mambo ya Wajaluo: mama mkwe na dada zake si watu wa kuzoeana nao. Mimi hata soda sijawahi kunywa mbele ya yule mama.

"Flagyl ya nani?" akauliza daktari, binti mwenye miwani.

"Ya Nyar Malawi."

"Ana shida gani?"

"Tumbo limefura. Hajala siku nne. Ukimpa chakula anatema."

Akanitazama juu ya miwani. "Amepimwa mimba?"

"Haiwezi kuwa mimba. Mume wake alikufa juzi juzi tu."

Nyuma yangu mtu akasema, "Woi." Nikadhani ananionea huruma. Nikapata nguvu.

"Alikufa na nini?"

"Tumbo hili hili. Na alikuwa mume wa wote tisa, ndiyo maana naogopa."

"Hao tisa wako wapi?"

"Kwangu. Sebuleni."

Foleni ilinyamaza. Mnajua Kondele saa hizo, makelele ya makanga mpaka ndani ya dawa. Lakini mle ndani hata mtoto aliyekuwa akilia alichomoa kidole mdomoni akanitazama. Mimi, mtu wa Mungu, nikaona nimepata wasikilizaji. Nikapandisha sauti ili na wa nyuma wasikie.

"Huyu ndiye mkubwa wao. Nilimnunua Nairobi mia nane, na hapo nilipunguziwa kwa sababu nilichukua kumi."

"Ulimnunua," akasema daktari.

"Ndiyo. Sasa nimemtenga na wenzake. Nimemweka kwa karai, nikamfunika asiruke."

Daktari aliweka kalamu chini. Taratibu. Kalamu ikajiviringisha kwenye kioo cha kaunta, ikaenda mpaka kwenye kopo la peremende za kikohozi, ikagota, ikatulia. Niliifuata kwa macho safari yote. Ningefuata mkono wake ningeuona unakaribia simu.

"Huyo mgonjwa ana uzito gani?" akauliza, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtu aliyeshika panga.

"Kama gramu thelathini."

"Gramu?"

"Ni samaki," nikasema.

Walicheka mpaka mzee mmoja akakalia katoni ya nepi. Rafiki yangu wa boda alitoka nje kushika ukuta. Nami nikageuka nicheke nao, kumbe wenzangu saba wamebaki sita. Mlangoni niliona mgongo. Leso, mkoba mweusi, na ule mwendo wa goti bovu ninaoufahamu kwenye kila harusi ya ukoo wa mke wangu. Mama Mdogo alikuwa ameshavuka barabara, simu sikioni. Aliondoka kwenye "ulimnunua". Neno samaki halikumkuta.

Flagyl yenyewe niliisahau.

Saa mbili usiku mama mkwe alishuka mlangoni na wajomba wawili. Mama mkwe! Kwangu! Usiku! Mke wangu, ambaye hakuwa na habari, aliulizwa yuko wapi huyo wa Malawi, akaonyesha karai.

Sasa, Mama aliuza samaki Dunga miaka mingi kabla mimi sijaanza kunyoa ndevu. Akafunua karai, akainama, akamulika kwa simu.

"Hii ni fulu," akasema. "Nimepanda gari usiku kwa sababu ya fulu."

(Fulu, kwa mlio mbali na ziwa letu, ni wale samaki wadogo ambao mbuta (sangara), tangu aletwe miaka ya 1950, amewala wengi wakaisha. Huanikwa juani, huuzwa kwa mafungu. Ni ukoo mmoja na hawa wangu wa mia nane, kwa hiyo sikuwa na la kujibu.)

"Na tumbo gani limefura? Tumbo limeingia ndani. Kilichofura ni hapa." Akajigusa chini ya kidevu. "Amebeba mayai mdomoni, kama ngege. Wewe ungekulaje watoto wamejaa mdomoni?"

Nikatazama. Chini ya taya pamevimba kama mtu aliyeficha andazi, na kila baada ya muda anatafunatafuna, anayageuza mayai. Siku nne natazama kidevu naona tumbo. Na hukaa hivyo bila kula wiki tatu hivi.

"Lakini dume alikufa," nikajitetea.

Mjomba, ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie, alinyoosha kidole kwenye tangi. "Huyo mbona anageuka manjano?"

Kumbe mmoja wa wale wake tisa alikuwa mume. Madume ya kenyi huwa ya buluu yakiwa machanga, na mengine hubaki hivyo hivyo mradi kuna mkubwa wa kuyatisha. Mkubwa akifa, rangi inatoka.

Nilibadilisha maji, nikalipa teksi ya kurudi Ahero, shilingi 2,500. Mama hupiga simu kila asubuhi kuuliza kama Nyar Malawi amejifungua. Wajukuu wake hawaulizi. Mama Mdogo bado hajapiga, na nasikia wenzake wa chama wameanza kumchangia yule mjamzito.

Mke wangu amesoma haya akiwa nyuma yangu. Anasema niandike ukweli wote. Sawa. Lilikuwa blanketi.