Mama mkwe, mashua na vita vya dakika 38

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia mama mkwe kwamba Unguja naijua nje ndani.

Nilikuwa nimefika mara mbili tu. Mara ya kwanza msibani: tukashuka, tukazika, tukarudi na boti ya jioni. Mara ya pili semina ya siku tatu, na siku zote tatu nililala na tumbo. Lakini mama alikuwa ametoka Urambo, mgongo unamuuma kwa treni, bahari hajawahi kuiona maishani, na mke wangu ananiangalia kwa lile jicho la "sema kitu". Nikasema kitu.

"Mama, Mji Mkongwe nitakutembeza mwenyewe. Tena kwa mashua. Ule mji uzuri wake uuone ukiwa baharini."

Hilo la mwisho ni kweli, ingawa nilikuwa nimelisikia kwa watu. Wenyewe walizijenga zile nyumba kubwa ziangalie maji, kwa sababu wageni, mali na habari vyote vilikuja na jahazi. Ukiuingia mji kwa miguu unakutana na vichochoro na mbavu za nyumba. Sura iko upande wa bandari.

Sasa, mama mkwe na mimi si watu wa kuzoeana. Kwao na kwetu, mkwe humpi mkono. Unainama kidogo, unaangalia chini, unaamkia, unapita. Kwa miaka tisa ya ndoa nilikuwa namjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Na mimi huyo nikaenda kukodi mashua yenye upana wa kitanda.

Safari ya boti kutoka Dar nilimalizia karibu yote chooni na simu, nakariri. Abiria mmoja alidhani bahari imenishinda, akanigongea mlango kuniletea ndimu.

Tulipofika ufukweni Shangani, kijana mmoja nadhifu akaja kujitambulisha kuwa ni mwongoza watalii. Nikamshukuru. Nikamwambia mwongozaji tunaye. Akauliza yuko wapi. Nikajipiga kifuani.

Nahodha alikuwa mzee mwembamba wa kikoi na kofia, mtu wa maneno machache. Aliangalia bahari, akaangalia jua, kisha akaniangalia mimi.

"Mjomba, tuondokeni upesi. Leo bamvua."

Nikadhani Bamvua ni baharia wake aliyechelewa. "Akichelewa tumwache," nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu. Baadaye, nikiwa na nafasi kubwa sana ya kujifunza, nilielezwa kwamba bamvua ni zile siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambapo maji hujaa kupita kawaida na yakitoka hutoka kama yamefukuzwa. Pale Unguja, kati ya kujaa na kupwa tofauti yake hufika karibu mita nne. Hiyo ni ghorofa moja na zaidi, mara mbili kwa siku.

Tulichelewa kweli, lakini si kwa sababu ya Bamvua. Zawadi, binti yangu wa miaka saba, alitaka chooni. Mke wangu akataka picha, kisha picha nyingine kwa sababu katika ile ya kwanza mama alikuwa amefumba macho. Picha ya pili ikatoka vilevile. Mama alikuwa anasali.

Tanga likapanda saa kumi na moja na nusu. Mama alikaa tezi, kule nyuma karibu na nahodha. Mimi, kwa adabu, nilikaa omo, mbele kabisa, huku nimewapa kisogo, nikawa natoa maelezo kama redio.

"Ile pale ni Mambo Msiige. Wanasema aliyeijenga alichanganya chokaa na ute wa mayai ili kuta ziwe imara. Ndiyo maana ikaitwa hivyo, watu wasithubutu kuiga."

Kimya. Kisha sauti ya mama: "Mayai mangapi?"

"Mengi, Mama."

"Nyumba yote hiyo? Na kuku walikaa wapi?"

"Na viini walipeleka wapi?" akauliza Zawadi.

Hilo simu yangu haikulisema. Nikahamia haraka kwenye Ngome Kongwe: Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, pale palipokuwa na kanisa la hao Wareno. Sauti yangu ikaanza kupata uzito. Jua lilikuwa nyuma yetu, linapiga mji usoni, na kuta zote zikageuka rangi ya chai ya maziwa. Hata nahodha aliacha kuangalia tanga.

Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, niliipa heshima yake. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, ikawa na taa za umeme na lifti wakati huku kwingine watu bado wanawasha vibatari. "Kwetu tunawasha mpaka leo umeme ukikatika," mama akasema. Nikamweleza pia kwamba sehemu kubwa ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Mama akasema, "Mungu awarehemu," tukanyamaza kidogo, tukaiangalia.

Hapo ningeshukuru Mungu nikarudi. Lakini nilikuwa sijatoa vita. Vita ndivyo nilivyovikariri vizuri kuliko vyote.

"Nahodha, sogea karibu na kasri. Mama apaone vizuri."

"Mjomba, pale maji madogo."

"Kidogo tu."

"Mjomba."

"Nimelipa, mzee wangu."

Akatia usukani bila neno. Mimi nikasimama, mkono mmoja kwenye mlingoti, mwingine hewani.

"Mwezi wa Agosti 1896! Sultani Hamad anafariki, na siku ileile Khalid bin Barghash anaingia ndani ya kasri na kujitangaza sultani. Waingereza hawamtaki. Wanaleta manowari tano hapahapa tulipo. Wanampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Khalid hatoki! Saa tatu na dakika mbili, mizinga ikalia..."

KRRRRRRR.

Mlio ule ulikuwa kama sepetu kwenye zege. Mashua ilisimama, mimi sikusimama. Nilikumbatia mlingoti kama ndugu aliyerudi kutoka Ulaya.

"Mizinga yenyewe hiyo?" mama akauliza.

Baharia, kijana wa miaka kama kumi na tisa, akachukua pondo akasukuma. Akaruka majini, yakamfika kifuani, akasukuma kwa bega. Nahodha akashusha tanga. Nikajitolea kusukuma nikiwa ndani ya mashua, jambo ambalo kijana aliniomba niliache. Walipomaliza kuhangaika maji yalikuwa yanamfika kijana tumboni, na yeye hakuwa amerefuka.

"Basi," nahodha akasema, akakaa, akatoa karanga. "Tushapwelewa."

"Tutasubiri mpaka lini?"

"Maji yatarudi kutuchukua saa nane."

Nikaangalia saa yangu. Ilikuwa bado saa kumi na mbili kasoro.

"Saa nane za usiku, mjomba. Bamvua hiyo."

Unajua Forodhani jioni inavyokuwa. Vijana wanapiga mbizi kutoka ukutani, miwa inakamuliwa, moshi wa mishikaki, watu wameenda kupunga upepo na hawana cha kuangalia. Siku hiyo walipata. Mmoja aliinuka ukutani, kisha familia nzima, kisha ukuta wote ukajaa. Tulikwenda kuangalia mji, nao mji ukasimama kutuangalia. Mashua ikaanza kulala ubavu, taratibu, kwa hiyo hata kukaa kwa heshima kukawa hakuwezekani. Kila mtu ameegemea upande mmoja kama mizigo. Nikajikuta hatua moja kutoka kwa mama mkwe, ana kwa ana, kwa mara ya kwanza tangu mahari. Kumbe ana mwanya.

"Mnauza nini hapo?" akapiga kelele mtu kutoka ukutani.

"Historia!" akajibu nahodha. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka.

Mama akakunja mkono, akaangalia saa yake. "Baba Zawadi, hivyo vita vilichukua muda gani?"

"Dakika 38, Mama. Ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani."

"Sisi tuna 41."

Nikaona afadhali ninyamaze. Nahodha akapokea, na hapo ndipo nilipojua yule mzee historia anaijua kama anavyoijua mikondo. Alimwonyesha mama lilipokuwa jengo la wake za sultani, Beit al-Hukm, lililobomolewa na mizinga lisijengwe tena. Akamwambia watu wa upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500, na Mwingereza aliyeumia ni baharia mmoja. Mama akatikisa kichwa. "Sasa hivyo ni vita au ni kuonewa?"

"Na Khalid mwenyewe?" akauliza.

"Kakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, bi mkubwa. Waingereza wakamngojea nje. Akikanyaga ardhi ya Unguja tu, wamkamate. Akakaa humo zaidi ya mwezi. Wajerumani wakaleta manowari yao, Seeadler. Wakangoja maji yajae mpaka mashua ikafika mlangoni pa bustani. Khalid akatia mguu ndani ya mashua moja kwa moja, mchanga hakuugusa. Huyo, Dar es Salaam."

Mama alifikiri. "Kumbe wao walimsikiliza nahodha."

Mke wangu alijifunika mtandio usoni. Mabega yalikuwa yanacheza.

"Na pale," nahodha akaendelea, maana sasa alikuwa amepata mwanafunzi, "ilikuwepo meli ya Barghash, Glasgow, aliyoundiwa Uingereza. Ikajibu mizinga, ikapigwa, ikazama papo hapo bandarini. Lakini maji si marefu. Mwili ukazama, milingoti ikabaki juu. Imekaa hivyo zaidi ya miaka kumi, kila anayekuja mjini anaiona."

"Glasgow," mama akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi. "Glasgow."

Mwezi mpevu ukachomoza nyuma ya mapaa. Kwa kweli ilikuwa picha nzuri sana, ila sikuwa na moyo wa kusema. Maji yalipofika magotini, nahodha akasema sasa tunaweza kushuka tutembee. Zawadi akapanda mabegani kwa yule kijana. Likabaki suala la mama.

Nahodha akajitolea kumbeba. Mama akasema mume wake, Mungu amrehemu, hakuwahi kumbeba, sembuse mtu aliyekutana naye leo. Nami, kwa sababu kosa lilikuwa langu, nikafungua mdomo: "Mama, labda mimi..."

"Wewe! Mkwe wangu anibebe? Nikifika Urambo niseme nini?"

Akaivuta khanga, akafunga kibwebwe, akashuka. Yule mama ambaye asubuhi alikuwa hajawahi kuiona bahari akatembea ndani yake kama anakwenda kupalilia mpunga. Watu ukutani wakaanza kumshangilia.

Mimi nilitaka kufika na heshima yangu. Nilikuwa na viatu vipya vya ngozi, vya kununuliwa kwa ajili ya ziara hiyo, nikavishika mkono mmoja juu ya kichwa. Suruali nimeikunja. Nikaanza kutembea kwa maringo kidogo, maana watu wanaangalia. Sikujua kwamba chini ya maji kuna kamba ya nanga ya boti nyingine.

Nilikwenda kifudifudi, mwili wote, kichwa na kila kitu. Kitu pekee kilichobaki juu ya maji ni ule mkono na viatu viwili. Sijui kwa nini sikuviachia. Nilivinunua kwa bei.

Nilipotoa kichwa, kelele za Forodhani nzima zilikuwa hazijawahi kusikika tangu 1896. Na mbele yangu, mkono umenyooshwa. Nikadhani ni wa mke wangu, nikaushika, ukanivuta kwa nguvu za mtu aliyezoea kuvuta ng'ombe kutoka matopeni. Ulikuwa wa mama mkwe. Tulitazamana, wote tumeduwaa. Hatujawahi kuzungumzia mkono ule mpaka leo.

Ukutani watu wakamkalisha mama kwenye kiti cha plastiki na kumpa juisi ya miwa bure. Urojo pia walimletea. Aliumaliza na kuomba mwingine. Mimi nilisimama pembeni natiririka. Yule kijana nadhifu wa Shangani alipita na kundi la Wazungu, akasimama, akaniangalia, akawaambia jambo, wakapiga picha.

Mama alikwisharudi Urambo. Mke wangu humpigia kila Jumapili, na mimi hujifanya nasoma gazeti. Wanaongea mvua, wanaongea mahindi, wanaongea nani kaolewa. Halafu mwishoni, kabla ya kukata, huwa nasikia ile sauti ikiuliza bila hata kuteremka:

"Na Glasgow hajambo? Amekauka?"