Uwanja Jangwani: magari yatakaa wapi, na maji yatapita wapi?

Sisi Wananchi, mashabiki wa Yanga, tukikutana kijiweni, kahawa ikishamiminwa na mechi ya juzi ikishachambuliwa hadi mwisho, mazungumzo huteremka bondeni, kwenye uwanja wetu wenyewe. Nia ya klabu ni kujenga pale pale Jangwani, Dar es Salaam, kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani, lilipo jengo la klabu na ule Uwanja wa Kaunda ambao wengi wetu tumewahi kusimama ukingoni mwake kutazama mazoezi. Hapo ndipo watu wanaovaa jezi moja hugawanyika. Wapo wanaosema mwenda kwao si mtumwa, na Yanga kwao ni Jangwani. Wapo wanaouliza swali moja, na wakijibiwa hulirudia: "Magari yatakaa wapi?"

Mimi ni wa Jangwani. Nasema mapema ili msomaji ajue ninakosimama. Lakini anayeuliza habari ya magari hajakosea kuuliza, na sipendi namna anavyonyamazishwa kwa kuambiwa kwamba hana mapenzi na timu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Enzi za uenyekiti wa Yusuf Manji, kampuni ya Kichina iliyojenga Uwanja wa Benjamin Mkapa ilihusishwa na mpango wa uwanja mkubwa hapohapo Jangwani. Ukubwa wa eneo ukawa kikwazo tangu siku hizo. Eneo la klabu ni dogo, na kulipanua maana yake ni kuingia bonde la Mto Msimbazi. Kwa hiyo kila mita ya mraba pale ina mzozo wake, na swali la maegesho ni swali la mita hizo zitumike kwa nani.

Tuhesabu kidogo. Gari moja dogo, ukijumlisha nafasi ya kusimama na njia ya kuingilia na kugeuzia, hula takriban mita za mraba 25. Magari 1,000 yanataka hekta mbili na nusu. Kiwanja cha kuchezea chenye mita 105 kwa 68 hakifiki hata hekta moja, hivyo magari hayo 1,000 yatalala juu ya viwanja vitatu na nusu. Kila gari likija limejaa watu wanne, jambo ambalo ni nadra, yataleta watu 4,000. Kwa uwanja wa, tuseme, watu 25,000, hao hawafiki hata mmoja kati ya sita. Basi refu la mwendokasi, yale yenye njia yake maalumu barabarani, hubeba watu wapatao 150, kwa hiyo safari 27 tu zinawaleta watu haohao, na basi halilali uwanjani. Linashusha na kuondoka.

Ukiutazama umati wa Yanga unavyofika uwanjani, hesabu hii haishangazi. Wengi wetu hatuna gari. Tunakuja kwa daladala, bodaboda, bajaji na miguu. Anayetoka Magomeni, Ilala, Kigogo au Mchikichini anaweza kutembea hadi Jangwani kabla timu haijamaliza kupasha misuli. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yanapita Barabara ya Morogoro, na kituo kimoja kinaitwa Jangwani. Sijui uwanja mwingine jijini ambao shabiki wa kawaida angeufikia kwa nauli ndogo kuliko huo. Tukimwaga lami kwenye hekta mbili na nusu kwa ajili ya wachache wenye funguo za gari, tutakuwa tumempa mgeni kitanda na mwenye nyumba mkeka.

Hiyo ndiyo hoja yangu, na naiamini. Sasa nije kwenye yale ambayo sisi wa Jangwani hatujayajibu.

La kwanza ni Kariakoo yenyewe. Jumamosi mchana mitaa ile tayari imejaa mikokoteni, maguta, Fuso zinazoshusha mzigo na wamachinga waliotandaza bidhaa hadi katikati ya njia. Ukisema hakuna maegesho, mwenye gari habaki nyumbani. Atakuja na gari lake, atazunguka, na mwisho atalibandika mbele ya duka au mlango wa mtu. Kwa Mkapa tumeliona hilo miaka yote. Uwanja ule wa watu 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007, una eneo pana kuuzunguka. Hata hivyo, siku ya watani, Yanga na Simba, mitaa ya Chang'ombe na Temeke hugeuka maegesho, vijana hupepea vitambaa wakikuelekeza uani kwa mtu, na bei hupangwa kwa macho. Niliwahi kuacha gari uani hivyo, mechi ilipokwisha nikalikuta limezibwa na mengine matano ambayo wenyewe hawakujulikana walipo. Nilifika nyumbani saa sita usiku. Kama pale penye nafasi hali ni hiyo, mkazi wa Jangwani ana haki ya kuogopa.

La pili ni Muhimbili. Hospitali ya Taifa iko Upanga, ng'ambo ya bonde kwa anayetoka Magomeni, na magari ya wagonjwa hayana ratiba ya ligi. Mama aliyezidiwa na uchungu akitokea Magomeni hawezi kuambiwa asubiri filimbi ya mwisho. Mpango wowote wa uwanja usioonyesha njia ambayo haitazibwa na gari la shabiki hata siku ya fainali, mimi mwenyewe nitaupinga, pamoja na mapenzi yangu yote kwa Jangwani.

La tatu linahusu wale ambao miguu na mwendokasi haviwafai. Mzee wa miaka 70 aliyeanza kuifuata timu kabla sijazaliwa. Shabiki wa kiti cha magurudumu. Dada anayetoka uwanjani mechi ya saa moja usiku ikiisha, anayejua gizani kuna nini kati ya Jangwani na kituo. Matawi ya Morogoro, Dodoma na Mbeya yanayokodi Coaster na kusafiri usiku kucha. Wanapodai maegesho hawa hawaringi. Wanataka kufika na kurudi salama, na ukiwajibu "panda mwendokasi" umewafukuza kwa adabu. Na tuseme ukweli, mwendokasi wenyewe tunaujua. Aliyewahi kusubiri basi kituo cha Gerezani au Kimara saa za jioni, watu wakisukumana mlangoni, hawezi kuahidi kwamba mabasi hayo yatabeba watu 25,000 ndani ya saa moja. Hesabu yangu ya safari 27 inadai mabasi yawepo.

Kwa hiyo wengine wanasema tuondoke mjini, tutafute eneo kubwa pembezoni, Kigamboni kwa mfano, tujenge uwanja na maegesho ya kutosha, tumalize ubishi. Hoja hii ina mvuto kwenye ramani. Lakini tumekwisha kuionja. Msimu wa 2023/24 tulicheza nyumbani Azam Complex, Chamazi, uwanja mzuri wa watu wapatao 10,000. Waliokuwa wakitoka Kimara au Tegeta mechi ya usiku wanakumbuka safari ile. Baadaye tukahamia Uwanja wa KMC pale Mwenge, na ghafla watu wa Kinondoni wakaanza kuja hata mechi za katikati ya wiki. Umbali huamua nani anakuja. Na uwanja wa mbali hautatui tatizo la magari, unalizalisha, kwa sababu ambaye angetembea au kupanda basi moja sasa analazimika kutafuta usafiri wa kukodi.

London wana somo ambalo mashabiki wa Arsenal hapa nyumbani wanaweza kulithibitisha. Mwaka 2006 klabu hiyo ilihama Highbury, ilikokuwa tangu 1913, ikajenga Emirates, uwanja wa watu zaidi ya 60,000, hatua chache tu kutoka nyumba yake ya zamani. Haikukimbilia mashambani, na haikujenga bahari ya maegesho. Watu huja kwa treni, na siku ya mechi kupaki mitaa ya jirani kunahitaji kibali cha mkazi. Lakini tusichukue nusu ya somo. Wana treni za kutosha, na ukipaki pasiporuhusiwa faini inakufuata hadi nyumbani. Sisi tukichukua ile nusu ya "hakuna maegesho" na kuiacha nusu ya treni na faini, tutakuwa tumejenga foleni yenye viti.

Lakini jambo linaloninyima usingizi zaidi ya magari ni maji. Jangwani ni bonde la mafuriko. Desemba 2011 mvua ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani mara nyingi kiasi kwamba imekuwa habari ya kawaida ya masika, na karakana ya mwendokasi iliyojengwa bondeni imezama tena na tena, mabasi yakiwemo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, wenye kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani na kuihamisha karakana ile. Watu wamebomoa nyumba zao na kuondoka ili mto upate njia.

Hapa ndipo suala la maegesho linapobadilika sura kabisa. Lami haifyonzi maji. Hekta mbili na nusu za lami ukingoni mwa Msimbazi ni maji yanayokimbilia mlangoni mwa jirani. Wanaodai maegesho makubwa pale pale Jangwani, pengine bila kujua, wanaomba kitu ambacho bonde lenyewe halikiruhusu. Na sisi tunaodai uwanja Jangwani lazima tujiulize kama tunamwomba mkazi aliyebomolewa jana akubali kwamba yeye alikuwa anazuia maji ila sisi hatuzuii. Sina raha na swali hilo. Jibu pekee ninaloweza kulikubali ni uwanja mdogo kuliko ndoto zetu, uliokaa ndani ya eneo la klabu na ardhi ambayo wahandisi wa mto wamesema ni salama, bila kuongeza hata mita moja ya kulisonga bonde.

Udogo huo una faida nyingine. Tarehe 28 Mei 2023, siku ya mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger ya Algeria, mtu mmoja alifariki na wengine takriban 30 wakaumia katika msongamano wa kuingia kwa Mkapa. Huyo alikwenda kuishangilia timu yake. Tangu siku ile, nikisikia mjadala wa uwanja unaishia kwenye magari, huona tumesahau milango. Nafasi ya wazi kati ya geti na barabara, ambako watu wanaweza kupanga foleni, kukaguliwa na kutawanyika bila kubanwa ukutani, ina thamani kuliko nafasi ya gari langu na lako. Jangwani, penye ardhi finyu, hatuwezi kuwa na vyote viwili. Nachagua nafasi ya watu.

Basi niseme ninachokitaka. Nafasi chache za magari, zote za walemavu, wazee, wagonjwa na timu. Coaster za mikoani zishushe abiria karibu na uwanja kisha zikasubiri mbali. Mitaa ya jirani ifungwe kwa magari siku ya mechi, mkazi na mwenye duka wakiwa na vibali vyao. Makubaliano ya maandishi na waendeshaji wa mwendokasi kuhusu idadi ya mabasi baada ya filimbi ya mwisho, tena kabla jiwe la msingi halijawekwa. Taa na askari kutoka getini hadi kituoni.

Na kabla ya lolote, kwenye mkutano mkuu wa wanachama, pamoja na zile picha nzuri za paa na viti vya kijani na njano, tuwekewe ramani mbili ukutani. Moja ituonyeshe watu wanatokea wapi na wanatokaje. Nyingine ituonyeshe maji ya mwaka 2011 yalifika wapi. Nitapiga kura yangu nikiwa nimezitazama zote mbili.