Usione Wanapima Jeni Ukadhani Wanatujua

Kila nikipiga simu Nairobi na mazungumzo yaangukie hospitali, lazima mtu aniambie: "Nyinyi huko mko mbinguni, mnapimwa mpaka jeni kabla ya kupewa dawa." Kupimwa tunapimwa. Hiyo mbingu ndiyo ninayoipinga, na nafanya kazi famasia hapa Leeds, kwa hivyo sisemi ya kusikia.

Chukua dawa za saratani, 5-FU na ndugu yake capecitabine. Mwili huzivunja kwa kimeng'enya ambacho maelekezo yake yako kwenye jeni iitwayo DPYD. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, dozi ya kawaida hugeuka sumu: mdomo hujaa vidonda, tumbo linaendesha halikomi, chembe nyeupe za damu zinaporomoka, na wapo wanaokufa. Tangu 2020 hospitali za umma za England hupima jeni hii kwanza. Ni jambo jema na silibezi.

Miaka ya mwanzo ya kipimo hicho nilimsindikiza mama mmoja Mkenya, tunayesali naye, kwenda kuchukua majibu. Muuguzi alikuwa mpole kweli. Akatuonyesha karatasi: aina nne za kasoro zimetafutwa, hakuna hata moja, apewe dozi kamili. Mama akamshukuru Mungu. Nikauliza kama kasoro iitwayo Y186C ilikuwa kati ya hizo nne. Haikuwemo. Nne zile zilichaguliwa kwa sababu ndizo zinazojulikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Y186C huonekana hasa kwa wenye asili ya Afrika. Suti nzuri, ila fundi alimpima mtu mwingine. Mama alimaliza matibabu salama, lakini karatasi ile haikuwa na haki ya kututuliza kiasi kile.

Halafu kuna fomu zao. Unatia alama kwenye kisanduku cha "Mwafrika Mweusi" na wanaamini wamekuelewa. Abacavir, dawa ya virusi vya UKIMWI, hapa hupewi mpaka wapime HLA-B*57:01, kwa sababu wenye aina hiyo ya jeni mwili wao unaweza kuikataa kwa hatari. Wanasayansi walipochunguza sampuli za damu kutoka kwetu, Waluhya wa Webuye waliokuwa nayo walikuwa kama 3 kwa 100. Wamaasai wa Kinyawa? Zaidi ya 13 kwa 100. Wayoruba wa Ibadan, hakuonekana hata mmoja. Wote hao ni kisanduku kimoja.

Kenya kabila huulizwa kwa kila jambo, hata kupangishwa nyumba, isipokuwa hapa ambapo swali lingekuwa na maana kidogo. Nasema kidogo: Mmaasai mmoja si Wamaasai wote, na kabila si kipimo cha damu. Wakati huo watoto wetu wamekunywa abacavir miaka nenda rudi bila kupimwa. Mzazi huambiwa tu aangalie vipele na homa.

Sasa njoo Eastleigh. Dirisha lenye nondo, kijana anakata strip ya vidonge kwa makasi, anavitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi, anaandika kwa kalamu "2 x 3". Imekwisha. Ikiwa vidonge hivyo vina codeine, dawa ya maumivu, ini huigeuza kuwa mofini kupitia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Kuna wanaoigeuza polepole isiwasaidie kitu, na kuna wanaoigeuza kwa kasi mno, mofini ikawazidi. Kwa Waethiopia, utafiti mmoja uliwakuta wa kasi kukaribia 3 kwa kila 10. Na Eastleigh Wahabeshi ni majirani. Uingereza iliwazuia watoto wa chini ya miaka 12 kupewa codeine ya maumivu mwaka 2013, baada ya watoto kadhaa sehemu mbalimbali duniani kushindwa kupumua. "2 x 3" haijui mnunuzi ni nani.

Kwa hiyo msiniambie Nairobi inunue mashine ya hawa jinsi ilivyo. Wakazi wa Korogocho na Viwandani wamekwisha kutoa damu kwa mradi wa AWI-Gen, unaochunguza jeni za Waafrika katika nchi kadhaa. Damu imetoka mtaani; majibu nayo yashuke mtaani, yafike kwa huyo kijana mwenye makasi. Serikali iwalipe watu wetu watengeneze vipimo vya kasoro zilizoko kwetu. Hapo ndipo nitaona wivu wa haki, nikiwa huku.

Kwa sasa, kama una mzazi anayeanzishiwa 5-FU au capecitabine Nairobi, muulize daktari wazi kama DPYD inaweza kupimwa na ni kasoro zipi zinazotafutwa. Akisema haipimwi, muulize kama inafaa kuanza na dozi ya chini. Na vidonda vya mdomoni au kuharisha kukianza siku za mwanzo, msingoje tarehe ya kliniki. Mrudisheni siku hiyo hiyo, na vidonge vilivyobaki mbebe.