Kabla hamjatuma Chromebook nyumbani

Sisi Watanzania wa Marekani tukitaka kusaidia shule za nyumbani, wazo la kwanza huwa ni kuchangishana, kununua Chromebook (laptopu zinazotumia mfumo wa Google) zilizotumika na kuzitia kwenye kontena. Nia ni njema, lakini wazo lenyewe nalipinga.

Chromebook iliyosajiliwa na shule za huku, hata ukiifuta yote, ikipata intaneti inarudi mikononi mwa mwenyewe wa zamani mpaka yeye aitoe kwenye usajili wake. Halafu kila modeli ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho, na za bei ya kutupa mara nyingi ziko ukingoni. Kabati za kuchajia nazo, nyingi ni za volti 120. Ichomeke kwenye umeme wa 230 wa nyumbani uone moshi.

Kubwa zaidi ni hili: mtoto mzito wa kusoma huku habebwi na mashine. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 inadai kila mwanafunzi mwenye ulemavu anayehitaji elimu maalumu aandikiwe mpango wake mwenyewe. Anapimwa, walimu na wazazi wanakaa, mpango unaandikwa, na unapitiwa upya walau mara moja kwa mwaka. Kifaa kinakuja baada ya hapo: huyu asomewe kwa sauti, yule apewe maandishi makubwa, mwingine aongezewe muda tu. Huo utaratibu ndio wa kuiga.

Na kifaa cha kuanzia nyumbani kipo. Walimu wengi wa serikali waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Kimoja mbele ya watoto 60 wa Darasa la Tatu kinafanya kazi kubwa, ila kianze kwa kupima. Mwalimu aite watoto sita kwa siku, mmoja mmoja, nje ya kelele za darasa. Kila mmoja asome kifungu kifupi kwa dakika moja huku akirekodiwa, kishikwambi kikiwa shubiri moja kutoka mdomoni na kimekingwa upepo, maana upepo ukipiga maikrofoni hasikiki mtu. Siku kumi za shule darasa limeisha. Jioni anasikiliza na kupanga makundi: wasiojua herufi, wanaounga silabi, wanaosoma maneno, wanaosoma aya.

Kundi la chini ndilo lishike kifaa kila siku, kama dakika 15, wakati wengine wanasoma wawiliwawili. Mara nyingi inakuwa kinyume: wanaojua ndio wanaobonyeza, wasiojua wanachungulia begani. Na mtoto akipewa zoezi lililompita kimo, atabonyeza kila jibu mpaka moja likubali. Ukitazama alama utadhani amejifunza.

Jambo moja linaloharibu kazi kimyakimya ni sauti ya kusomea, yaani ile ya kifaa inayomsomea mtoto maandishi. Kishikwambi kikiwa kimewekewa sauti ya Kiingereza, neno "ng'ombe" linatoka halieleweki, na mtoto anayejifunza kuunga silabi anavurugwa kabisa. Sauti ya Kiswahili ya Google ipo. Ipakuliwe mapema penye mtandao, kisha mwalimu azime data na kuijaribu kabla ya kuingia darasani. Kwa mwenye uoni hafifu, hata kamera inatosha: piga picha ukurasa wa kitabu, avute kwa vidole mpaka herufi zimfae.

Shule ikifikisha vishikwambi 12, kila kimoja na betri ya mAh 5,000, kuvijaza vyote ni kama Wh (wati-saa) 220, ukiweka na upotevu Wh 300. Paneli ya wati 100 yenye betri yake inatosha penye jua zuri.

Basi hela ya kontena inunue paneli hiyo, spika ndogo, na hedifoni za waya zenye kigawanyio cha matundu matano. Za Bluetooth achaneni nazo: zinadai kuchajiwa, na kipindi cha dakika 40 kinaliwa na kuziunganisha. Ila kwanza mwombeni mwalimu apige picha kingo za kishikwambi chake, mhakikishe kina tundu la hedifoni.