Pweza Mwenye Bangili

Kama umewahi kupita Mikindani, hapa Mtwara, ukaona nusu ya injini ya Yamaha imekaa juu ya jiko la mkaa, imefunikwa sinia, pembeni mwanamume mzima kachutama anapepea moto, basi huyo ni mimi. Na inawezekana wewe ni mmoja wa waliouliza, "Jirani, leo unachemsha kasa?"

Pikipiki ni ya marehemu baba. Yamaha DT 125 ya mwaka 1979, tu-stroki. Baba alikuwa bwana shamba, akiizungusha kwenye mikorosho mpaka huko Tandahimba, na aliipenda kiasi kwamba mvua ikinyesha yeye analowa, pikipiki inaingia sebuleni. Alipofariki ikasimama nyuma ya nyumba miaka na miaka. Kutu ikala, kuku wa jirani akaatamia mayai chini ya injini, tena akatotoa vizuri tu. Mke wangu alitaka niiuze chuma chakavu. Mimi nikaapa nitaifufua kwa mikono yangu mwenyewe.

Kiapo kile sikukipima. Vijana wa bodaboda nilipowaita wanisaidie kushusha injini, mmoja akafungua kichwa, akachungulia, akaniuliza, "Mzee, valvu zake mmeuza?" Nikamweleza kwamba tu-stroki haina valvu kichwani, ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni ikipanda na kushuka ndiyo inayofungua na kufunga mlango. Akaitikia kwa heshima, kama unavyomwitikia mgonjwa wa homa, akaenda zake kutafuta abiria.

Mtu pekee anayezijua injini hizi kwetu ni fundi wa mashine za kupulizia salfa, kwa sababu zile mashine za kubeba mgongoni nazo ni tu-stroki. Lakini ilikuwa Julai. Julai fundi huyo humpati, yuko mashambani anapulizia salfa kukimbizana na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, kwenye mikorosho ya watu. Nikampigia simu. Silinda nilishaipeleka mjini ikachongwa kutoka milimita 56 hadi 56.50, pistoni mpya ilishakuja kwa basi kutoka Kariakoo, zikabaki beringi mbili za krenki, yaani pete za chuma zinazoushika mhimili wa injini uzunguke laini, ambazo kila nikizisogeza kwenye nafasi yake zinakataa katakata.

"Usiguse nyundo!" fundi akapiga kelele, nyuma yake mashine inanguruma. "Beringi igandishe kwenye friza, chuma kisinyae. Kasha la injini lipashe moto, alumini itanuke. Halafu fanya haraka. Itadumbukia yenyewe kama shilingi kwenye kibubu."

Simu ikakatika. Kama kulikuwa na maelekezo ya kuhusu wakwe, sikuyasikia.

Friza ni la mke wangu, analouzia barafu za ubuyu kwa watoto wa mtaa. Usiku, alipolala, nikazipaka beringi zangu oili zisishike kutu, nikazitia kwenye mfuko, nikafunga fundo la haraka haraka na kuzisukuma chini kabisa, kwenye nafasi ndogo kando ya pweza. Pweza mwenyewe alikuwa mkubwa, wa shughuli. Kesho yake washenga walikuwa wanakuja kumposa shemeji yangu, ambaye anaishi kwangu tangu baba mkwe afariki, na mama mkwe alishafika tangu juzi yake kusimamia chungu.

Usiku ule umeme ukakatika. Mkoa huu huu wenye gesi ya Mnazi Bay, gesi inayosafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam ikawashe taa za wenzetu, ukalala giza totoro. Umeme ulirudi alfajiri. Kumbe katikati hapo pweza aliyeyuka, akajinyoosha kidogo kama mtu aliyeamshwa, fundo langu likafunguka, na umeme uliporudi vyote vikaganda upya kuwa bonge moja. Pweza alikuwa amezikumbatia beringi zangu kwa mikono yote minane.

Mama mkwe hana habari ya kuyeyusha pweza. Kwake yeye, pweza aliyetoka kwenye barafu ndiye anayelainika bila kutwangwa. Alichukua bonge zima zima, akalitumbukiza kwenye chungu, tangawizi, pilipili, ndimu, akafunika.

Mimi nyuma ya nyumba nilikuwa na hesabu zangu. Washenga wanakuja baada ya adhuhuri, kupasha kasha ni dakika ishirini, kuingiza beringi dakika mbili, kuoga, kanzu, tayari. Mke wangu alinipitia mara tatu na kanzu mkononi. Nikamwambia bado kidogo. Nikadondosha tone la maji juu ya kasha, likarukaruka na kupotea. Limeiva! Nikakimbilia friza.

Barafu za ubuyu zipo. Beringi hakuna. Pweza hakuna.

Nikaenda jikoni taratibu, maana mkwe humkimbilii. Mama amekaa kwenye kigoda, chungu mbele yake kimeshapungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Si umeniamkia asubuhi?"

"Nimeona nirudie tu. Mama, huyo pweza... alikuwa peke yake?"

Akanitazama. "Pweza huwa anatembea na nani?"

Ukweli ni kwamba hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini wewe ungeanzaje? Ungemwambia mama wa mkeo kwamba kwenye chungu chake cha posa kuna vyuma? Nikauliza kama ameshapakua. Akasema washenga wamewahi, wameshapelekewa sebuleni, na bakuli moja limekwenda kwa jirani.

Nikavaa kanzu juu ya suruali ya oili, nikaingia sebuleni nikinuka petroli. Wazee wanne wamekaa mkekani. Nikachungulia bakuli la karibu: juu ya supu palikuwa na rangi rangi, bluu, zambarau na kijani, kama dimbwi la sheli baada ya mvua. Mzee wao, mwenye kofia ya vito, akanywa funda, akafikiri.

"Pweza huyu alikuwa mnono," akasema. "Mafuta yake yanateleza mpaka kifuani."

Nikaitikia kwamba wa bahari yetu ndivyo walivyo.

Akazamisha kijiko tena. Kling! Akanyanyua kitu polepole. Beringi yangu, inang'aa kuliko ilivyotoka dukani, na ncha ya mkono wa pweza imepita katikati yake kama kidole kilichovishwa pete.

Kimya. Mshenga wa pili akaacha kutafuna.

"Pweza wa siku hizi anavaa bangili?" akauliza wa tatu, kwa sauti ya chini.

Nilifungua mdomo. Mlangoni mama mkwe alikuwa amesimama na kata ya supu, akanipa jicho ambalo nalijua, nikaufunga. Mzee akaivua beringi kwenye mkono wa pweza, akaifuta kwa leso, akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka laini, bila kelele yoyote. Kwa kweli hata katika hali ile nilifarijika.

"Tumelielewa fumbo," mzee akasema.

Wenzake wakamgeukia.

"Hawa watu ni wa asili, hawasemi ovyo. Wametuambia pete tuliyoitaja ni nyembamba. Na wametuonyesha wanataka ndoa ya kuzunguka bila kukwama." Akamgeukia mama mkwe. "Sivyo, mama?"

Mama mkwe, ambaye maisha yake yote hajawahi kuona beringi, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema.

Wakatoka nje kushauriana chini ya mwembe. Waliporudi, bahasha ilikuwa imenenepa. Posa ikapita, dua ikasomwa, na mimi nikaitikia amini kwa nguvu kuliko wote huku jicho liko kwenye beringi. Nikanyoosha mkono niichukue. Mzee akawahi, akaifunga kwenye leso na kuitia mfuko wa kanzu.

"Hii tunaondoka nayo. Bwana harusi aione ukubwa wake."

Nilipokumbuka jiko, mkaa ulishakuwa majivu. Sinia lilikuwa limepinda kama jani la mgomba. Kasha la injini, namshukuru Mungu, halikupinda.

Kesho yake mtoto wa jirani akarudisha bakuli. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Kilijazwa ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, na chini ya ming'oko ilikuwepo beringi ya pili, imesuguliwa kwa majivu. "Mama anasema asante kwa supu," mtoto akasema, "ila huu mfupa umemshinda." Nikaizungusha. Chumvi na ndimu vilishafanya kazi yake. Ilikwaruza kama mchanga kwenye meno.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akafungua bahasha, akahesabu noti, akanipa. "Kanunue bangili zako. Na uzihifadhi chumbani kwako."

Septemba Yamaha iliwaka, kiki ya kumi na moja, moshi mweupe mtaa mzima. Oktoba nikaipanda kwenda nayo harusini. Bwana harusi, ambaye siku za kazi ni dereva wa bodaboda na injini yake huifungua mwenyewe, aliiona, akaniita pembeni kabla ya kuingia ukumbini. Akatoa leso mfukoni.

"Kaka, mimi niliijua tangu wazee wanaifungua. Lakini walishatoa hela, ningesema nini?" Akaangalia huku na huku, akasogea karibu. "Ila krenki ina beringi mbili. Ya pili nani aliila?"