Mpiga Picha Amesimama Wapi?

Katika vikao vya kamati za harusi hapa Dar es Salaam, ajenda ya picha na video huishia kwenye swali moja tu: anatumia kamera gani? Juzi swali hilo liliulizwa tena mbele yangu, kwenye bustani ya baa moja huko Sinza, na kijana mwenye kazi nzuri kabisa akaondolewa kwenye orodha kwa sababu kamera yake ni ya toleo la zamani. Hakuna mjumbe aliyeomba kuziona picha zake. Mwenyekiti alisema, "Sisi tunataka picha zenye kiwango," wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, kisha tukahamia kwenye ajenda ya vinywaji, ambayo ilijadiliwa kwa umakini unaostahili bajeti ya taifa.

Kiwango hicho tunakijua. Albamu inaletwa, unaifungua, unamkuta bibi harusi ameketi meza kuu, macho yamemjaa machozi kwa sababu mama yake ndiyo kwanza amemwachia mkono. Mbele ya kidevu chake imesimama chupa ya maji ya kunywa, lebo ikisomeka herufi kwa herufi, na juu ya utosi wake imechomoza stendi ya spika. Picha imetulia, rangi zake ni safi, na ukiikuza unaweza kuhesabu nyuzi za shela. Kamera ilifanya kazi yake yote. Aliyeshindwa ni mwenye kuishika, ambaye hakusogea hatua mbili kushoto wala kumwomba mhudumu aiondoe ile chupa.

Ninalotaka kusema ni kwamba mpangilio wa picha huamuliwa na mahali mpiga picha aliposimama, na kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyaita ufundi ni utayari wa kuhama hapo. Uhusiano kati ya kitu kilicho karibu na kitu kilicho mbali, yaani kipi kimfunike kipi, kipi kionekane kikubwa na kipi kidogo, hutokana na nafasi ya kamera. Ukivuta lenzi ukiwa umeganda palepale, utakuza kila kitu kwa pamoja: bibi harusi atakuwa mkubwa, na stendi nayo itakuwa kubwa, ikiwa bado imemkalia utosini. Ukisogea hatua mbili, stendi inahama kutoka nyuma yake na kichwa kinabaki huru.

Nenda Coco Beach jioni yoyote ya Jumapili uone jambo hilohilo likitokea kwa upande wa urefu. Vijana wanapigana picha wakiwa wamesimama wima, simu ikiwa usawa wa shingo, na karibu kila picha inatoka na mstari wa bahari ukipita shingoni mwa mhusika kama kisu. Wengi huilaumu bahari. Ukweli ni kwamba, mkiwa mmesimama kwenye usawa mmoja wa ardhi, upeo wa bahari utamkata mhusika kwenye kimo kilekile ilichopo kamera: simu ikiwa shingoni, utapita shingoni, ukiishusha hadi kiunoni, utapita kiunoni, na kichwa na mabega vitabaki peke yake kwenye anga. Hilo halihitaji kamera ya mamilioni. Linahitaji magoti, na pengine kutojali suruali kuingia mchanga.

Kuna picha moja ambayo ningependa kila kamati iione kabla ya kufungua kikao. Ilipigwa karibu mwaka 1930 na Martin Munkácsi, mpiga picha kutoka Hungaria, nayo imejulikana kwa miaka mingi kama picha ya wavulana wa Ziwa Tanganyika. Wavulana watatu wametupa mgongo, wanakimbilia kwenye mawimbi. Nyuso hazionekani, wala hakuna anayetabasamu kwa ajili ya kamera. Miili yao ni maumbo meusi mbele ya povu jeupe, na kila mmoja anasomeka kwa mkono na mguu wake, kwa sababu weusi umekutana na weupe mahali panapostahili. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wapiga picha mashuhuri zaidi duniani, alisema kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwathiri. Kwa vipimo vya wajumbe wetu, kamera iliyoipiga isingefika hata hatua ya mahojiano.

Kuhusu kanuni ya theluthi, yaani kuigawa fremu sehemu tatu kwa wima na kwa ulalo na kumweka mhusika kwenye mstari mmojawapo badala ya katikati, ambayo walimu wa mitandaoni wanaihubiri kana kwamba ilishuka pamoja na kamera: Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797, akizungumzia michoro ya mandhari, wakati upigaji picha ulikuwa bado haujavumbuliwa. Ni mwanzo mzuri kwa anayejifunza, na ile mistari ya gridi kwenye simu haina ubaya. Lakini mtu anayeipiga Sanamu ya Askari pale Samora, akaiweka kwa utiifu kwenye theluthi ya kulia huku bunduki yenye singe ikielekea kulia na kugonga ukingo wa fremu, ametii kanuni na kuiharibu picha. Askari yule ameelekeza singe yake bandarini tangu mwaka 1927. Mwachie nafasi mbele yake, mahali anapokwenda.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vifaa vina siku yake. Ukumbi wenye taa za zambarau na moshi wa jukwaani unaitesa kamera dhaifu, na lenzi inayopokea mwanga mwingi huokoa picha ambazo simu ingezigeuza uji. Nakubali pia kwamba mpiga picha wa harusi hana raha ya kuhamahama, kwa maana mashangazi wameshaziba njia kwa simu zao na mshereheshaji hamsubiri mtu. Hiyo ni sababu nyingine ya kumlipa anayefika mapema, akakagua meza kuu, akajua nguzo iko wapi.

Wapo wanaoniambia kwamba hoja yangu imepitwa na wakati, kwa kuwa simu za sasa zinafuta nguzo, chupa na hata mashangazi kwa kidole. Ni kweli zinafuta. Lakini chupa ikishafutwa, kidevu kilichokuwa nyuma yake hakikupigwa na kamera yoyote. Programu hukibuni, ikamchorea bibi harusi kidevu kinachofanana fanana na chake. Mama yake ataitazama albamu hiyo kwa miaka thelathini, na nina hakika atajua.