Steringi Hafi, Yesu Alikufa

Jumapili iliyopita kwenye ibada ya vijana tulizimiwa taa, tukaoneshwa kipande cha filamu ya Man of Steel: Superman anatoka kwenye chombo cha angani, kanyoosha mikono pande zote mbili. Mhubiri akauliza, "Mnamwona nani hapo?" Ukumbi mzima: "Yesuuu!" Mimi niliona mwanamume mwenye joho jekundu, lakini mimi siku zote naambiwa moyo wangu mgumu.

Haya, ishara zipo. Filamu ni ya 2013, na jamaa anasema amekaa duniani miaka 33. Akizungumza na padri kanisani, nyuma yake kuna dirisha la vioo lenye picha ya Yesu akiomba Gethsemane. Nani angekosa kuona? Watengenezaji wameziweka zionekane. Warner Bros., kampuni ya filamu hiyo, waliwaandalia wachungaji wa Marekani hadi dondoo za mahubiri, kwa hiyo ufunuo tunaoletewa kwa machozi ulianzia idara ya masoko. Tena Superman wa 1938 alibuniwa na vijana wawili wa Kiyahudi, Jerry Siegel na Joe Shuster, na wapo wanaomwona Musa ndani ya kile chombo kidogo alichotumwa nacho duniani akiwa mtoto mchanga. Nao hawajakosea.

Ila kilichonikera ni pale mhubiri alipokata filamu. Baada ya mikono kunyooshwa, maghorofa yanaporomoka na Superman anamvunja adui yake Zod shingo kwa mikono yake mwenyewe. Hapo mbona hatukuulizwa tunamwona nani?

Sisi tuliokulia vibanda umiza, vile vibanda vya kuonesha filamu mtaani, tunaijua sheria: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Anapigwa, anatoka damu, halafu anainuka na adui anakiona cha moto. Raha yake naijua, na nikipata nafasi leo nitaangalia tena. Lakini Injili inakwenda kinyume kabisa. Petro anachomoa upanga, anaambiwa, "Rudisha upanga wako mahali pake." Majeshi ya malaika zaidi ya kumi na mawili yangeweza kuombwa, hayaombwi. Wapita njia wanamdhihaki, "Jiponye nafsi yako, ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, shuka msalabani." Wale walikuwa wanataka steringi! Na yeye hakushuka. Ukimfundisha kijana kwamba Yesu ni Superman, umempa yule yule waliyemtaka waliokuwa wakimtukana Golgotha.

(Najua, 2016 Superman aliuawa na 2017 akafufuliwa. Akaamka na kuanza kuwatwanga wenzake.)

Neo wa filamu ya The Matrix ndiyo usiseme, mkombozi aliyejaza bunduki ndani ya koti. Aslan, yule simba wa hadithi za Narnia za C. S. Lewis, namwachia, kwa sababu yeye anakubali kuchinjwa kwa ajili ya msaliti, na Lewis hakumficha mtu nia yake.

Halafu kuna Harry Potter, ambaye wahubiri hawa hawa walituambia ni mlango wa mapepo. Kaburi la wazazi wake limeandikwa 1 Wakorintho 15:26, "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Na kijana mwenyewe anaingia msituni akijua anakwenda kuuawa, asiinue fimbo yake kujitetea. Hubiri hiyo basi, kama kamati ya vijana itakuruhusu.